Muuaji Anatoka Wapi? Hotuba Juu ya Riwaya za Karatasi Duni

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu mliokaa safu ya mbele, waandishi wenzangu, nanyi wasomaji mliovumilia foleni ya Barabara ya Morogoro mkafika ukumbini jioni hii: nimeombwa nizungumzie hadithi ambazo shuleni tulikuwa tukinyang'anywa. Ni hadithi za upelelezi, za majasusi, za kauboi na za mizuka, zilizochapwa kwa karatasi duni na kuvishwa majalada yenye bastola na mwanamke aliyeshtuka. Wahakiki wetu wamezipa jina la riwaya pendwa, jina ambalo ukilisikia haraka utadhani ni sifa, na ukilisikia vizuri utatambua kuwa ni namna ya kistaarabu ya kuziacha nje ya mlango.

Nilipokuwa na umri wa miaka 14, binamu yangu aliniazima riwaya moja ya upelelezi isiyokuwa na jalada. Niliisoma usiku kucha kwa mwanga wa kibatari, na nilipofika mahali ambapo mpelelezi amewakusanya watuhumiwa wote sebuleni na kufungua kinywa ili amtaje muuaji, nikakuta kurasa zimekwisha. Mama yake binamu, ambaye ni shangazi yangu, alikuwa akiuza karanga pale Magomeni Mapipa, na kurasa 12 za mwisho alikuwa amezichana kufungia karanga. Hapakuwa na nakala nyingine mtaani. Ikanibidi nitoe hukumu mwenyewe, nikamtia hatiani mwenye nyumba, na kwa miaka 11 nilitembea nikiwa na hakika kwamba mwenye nyumba ndiye aliyeua. Nitarudi kwenye kesi hiyo baadaye. Kwa sasa naomba mlishike swali lililonibaki mkononi usiku ule, kwa kuwa ndilo nitakalolifuata hadi mwisho: katika hadithi za namna hii maiti ipo tangu ukurasa wa kwanza, lakini muuaji anatoka wapi?

Tuanze na karatasi yenyewe. Mwaka 1896 mchapishaji wa New York aliyeitwa Frank Munsey aliligeuza jarida lake la Argosy likawa la hadithi tupu, kurasa 192 kwa senti 10, bila picha ndani, juu ya karatasi iliyotengenezwa kwa rojo la mbao zilizosagwa. Kwa Kiingereza rojo hilo huitwa pulp, na jina hilo likahama kutoka kwenye karatasi likaingia kwenye hadithi, kisha likawa tusi. Karatasi hiyo ilikuwa rahisi kwa sababu haikusafishwa: asidi na masalia ya mti vilibaki ndani yake, na ndiyo maana baada ya miaka michache hugeuka rangi ya chai ya rangi, ikakauka, ikakatika pembeni kama kaukau. Kitu kilichotengenezwa hivyo hakikukusudiwa kumfikia mjukuu wa mnunuzi. Kilikusudiwa kusomwa kwenye treni, kupewa jirani, kisha kutupwa, na nafasi yake kuchukuliwa na toleo la wiki inayofuata.

Walioandika humo walilipwa kwa neno, na malipo ya kawaida ya mwandishi asiye na jina yalikuwa senti moja. Mwandishi mmoja, Walter Gibson, ambaye kuanzia mwaka 1931 aliandika visa vya shujaa aliyeitwa The Shadow, alitoa riwaya 282 kati ya 325 za mfululizo huo, na kuna kipindi alikuwa akitoa mbili kila mwezi. Kwa mwendo huo mtu hapati nafasi ya kujipamba. Anachota kile kilicho karibu, na kilicho karibu mno na kila mtu ni hofu ya mtaa anaoishi. Hii ndiyo hoja yangu, na waliozoea kunipinga wajiandae: mwandishi wa fasihi tukufu anaweza kuificha hofu ya jamii yake chini ya mitindo na falsafa, ilhali mwandishi anayelipwa kwa neno hana muda wa kuificha. Muulize muuaji wake katoka wapi, naye atakwambia watu wa nchi ile wanamwogopa nani.

Waingereza, kwa mfano, walipenda maiti ipatikane katika jumba kubwa la shambani, na muuaji awe mmoja wa wageni walioalikwa. Mpelelezi akishamtaja, mtu yule mmoja huondolewa kama jiwe kwenye mchele, na chakula kikaendelea. Jarida la Black Mask, lililoanzishwa Marekani mwaka 1920, lilikataa ustaarabu huo. Miongoni mwa waandishi wake alikuwepo Dashiell Hammett, ambaye tofauti na wengi waliokuwa wakibuni makachero mezani, alikuwa amefanya kazi hiyo katika kampuni ya Pinkerton tangu mwaka 1915. Riwaya yake ya mwaka 1929, Red Harvest, ambayo kwanza ilitoka vipande vipande humo jaridani, inahusu mji wa migodi ambao tajiri wake aliwaleta majambazi wavunje mgomo wa wafanyakazi, nao walipomaliza kazi wakakataa kuondoka na wakaugawana mji. Ukifika katikati ya kitabu umeshaacha kuhesabu maiti. Muuaji ni nani hapo? Ni mji mzima, pamoja na polisi wake, na aliyewakaribisha wauaji ndiye anayemlipa mpelelezi. Hakuna wa kumwondoa ili chakula kiendelee, kwa sababu chakula chenyewe ndicho kilichooza.

Raymond Chandler alifuata njia hiyohiyo, ingawa yeye anaichafua kidogo hoja yangu ya haraka, nami sitaki kuwaficha. Alikuwa mkubwa katika kampuni ya mafuta mjini Los Angeles, akafukuzwa kazi mwaka 1932, na alipoamua kuandikia Black Mask hadithi yake ya kwanza alikaa nayo miezi mitano kabla ya kuitoa mwaka 1933, akalipwa dola 180. Miezi mitano kwa dola 180! Fundi cherehani wa Kariakoo angemcheka. Hata hivyo, naye alipoulizwa muuaji anatoka wapi alijibu vilevile, kwamba anatoka kwenye nyumba zenye bustani nzuri zilizojengwa kwa fedha ya mafuta, yaani palepale alipokuwa akila mshahara.

Wafaransa walizipenda hadithi hizi kiasi kwamba mwaka 1945 Marcel Duhamel aliwaanzishia msururu maalumu katika nyumba ya uchapishaji ya Gallimard, akauita Série noire, maana yake msururu mweusi, na mwaka uliofuata mhakiki wa filamu Nino Frank akalitumia neno hilo la weusi kwa filamu za Kimarekani za aina hiyo. Weusi uliokusudiwa ni wa usiku na wa nia za watu. Lakini msururu huo ndio uliompokea mtu mweusi kwa maana yetu, Chester Himes, aliyejifunza kuandika gerezani Ohio alikofungwa kwa unyang'anyi, kisha akahamia Paris. Duhamel ndiye aliyemshawishi aandike riwaya za polisi. Himes akawaumba wapelelezi wawili weusi wa Harlem, na mwaka 1958 Wafaransa wakamtunukia tuzo yao kubwa ya riwaya za upelelezi. Harlem ya Himes ina matapeli wa kila aina, wakiwemo wanaodai kuwa wanaweza kuigeuza noti ya dola 10 ikawa ya dola 100 kwa kuitia ndani ya jiko. Msomaji wa Dar es Salaam akifika hapo hahitaji maelezo ya chini ya ukurasa.

Sasa nihamie kwenye kauboi, kwa kuwa naona nyuso za watu wa rika langu zimeanza kuchangamka. Sisi tuliwajua kauboi kwanza kwenye filamu, katika majumba ya sinema ya mjini na katika ile sinema ya magari ya Barabara ya zamani ya Bagamoyo, tukajifunza sheria moja isiyovunjwa, kwamba stelingi hafi. Ukimwona stelingi kapigwa risasi, subiri. Ila kuna tawi la hadithi hizo ambalo halikutufikia sana, nalo ni la kauboi wa maajabu, ambamo mtu mwenye kofia pana na bastola mbili hakutani na jambazi wa benki bali anakutana na kitu ambacho risasi hazikisumbui. Jarida la Weird Tales lilianza kutoka mwaka 1923, na katika toleo la Mei 1932 Robert E. Howard, kijana wa mji mdogo wa Cross Plains, Texas, alichapisha humo hadithi iitwayo The Horror from the Mound, ambayo wengi huihesabu miongoni mwa za mwanzo kabisa za aina hiyo. Kauboi mmoja ameacha ng'ombe akajaribu kilimo, kilimo kimemshinda, na karibu na shamba lake kuna kilima cha udongo kilichorundikwa zamani. Jirani yake Mmexico anamsihi asikifukue. Yeye anadhani ndani mna dhahabu. Anafukua, na kinachotoka ni maiti ya kabaila wa Kihispania wa karne zilizopita, maiti inayotembea usiku na kunyonya damu.

Hadithi hiyo si nzuri sana kwa lugha, na Howard anamchora yule jirani kwa dharau ya rangi ambayo siwezi kuipita kimya, hasa kwa kuwa jirani huyo ndiye mtu pekee mwenye akili katika kisa chote. Lakini lisikilizeni jibu lake kwa swali letu. Muuaji anatoka ardhini. Texas ni nchi iliyochukuliwa na Wahispania kutoka kwa wenyeji, Mexico ikairithi kutoka kwa Wahispania, na Wamarekani wakaichukua kutoka Mexico. Mkulima wa mwisho anapopiga jembe hajui anafukua deni la nani. Hofu hiyo Howard asingeweza kuitamka katika hotuba ya kisiasa kule kwao, na sidhani kama yeye mwenyewe aliitambua, lakini alikuwa na haraka ya kupata malipo yake, nayo ikajiandika. Alifariki mwaka 1936 akiwa na miaka 30 tu. Aina hiyo ikaendelea bila yeye, hata mwaka 1972 kampuni ya DC ikabadili jina la gazeti lake la katuni za kauboi likawa Weird Western Tales.

Nimekaa na Texas makusudi, ili tuvuke maji twende Unguja, kwa sababu huko palikuwa na mtu aliyechukua mzuka huohuo akaugeuza kabisa. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari aliyekuwa mhariri wa jarida la Mkulima, alipeleka hadithi katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 hadi 1958 akashinda, na mwaka 1960 ikatoka kitabu: Mzimu wa Watu wa Kale. Wageni waliopo hapa wajue kwamba kwa Mwunguja mzimu ni mahali, pango au mti mkubwa ambapo watu huchoma ubani na kuweka nadhiri. Ni mahali penye wenyewe wasioonekana. Hapo mzimuni ndipo anapokutwa ameuawa mtu mwenye mali na mashamba. Kila mtu anajua nani kaua. Wenyewe wameudhika.

Anaingia Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Ni kweli kwamba sura yao inamkumbusha msomaji Sherlock Holmes na daktari wake, na wahakiki wamelisema hilo mara nyingi hadi wakasahau kusema kinachofuata. Howard anaanza na mtu asiyeamini na kumaliza kwa mzuka uliothibitika. Abdulla anaanza na mzuka ambao kila mtu ameuthibitisha, kisha, kidokezo kwa kidokezo, anauvua nguo hadi tunamwona binadamu aliyejificha nyuma yake. Alifanya vivyo hivyo na Giningi, mahali ambapo masimulizi ya visiwani yanapafanya kuwa baraza la wachawi, katika kitabu chake cha mwaka 1968. Muuaji wa Abdulla hatoki ardhini. Anatoka nyumbani, katika mambo ya mirathi, ndoa na nasaba, na anautumia mzimu kama pazia kwa kuwa anajua majirani hawatathubutu kulifunua. Mwaka ule wa 1960, Unguja ikielekea uhuru na kila chama kikimsukumia mwenzake lawama, kumwambia msomaji kwamba aache kuwasingizia wasioonekana amtazame aliyekaa naye barazani lilikuwa jambo zito, nalo lilikuja limevaa nguo ya burudani. Nasema bila kusita kwamba kwa ujenzi wa kisa Abdulla anamzidi Howard kwa mbali.

Hapa bara, Faraji Katalambulla alitutolea Simu ya Kifo mwaka 1965, na jina lake peke yake linatosha kueleza ugeni wa Dar es Salaam ya wakati ule, mji ambao simu ilikuwa kitu cha ofisini na cha wakubwa, na sasa mauti nayo imepata waya wa kupitia. Lakini mwandishi aliyelijibu swali letu kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Elvis Musiba. Katika Kufa na Kupona, riwaya ya mwaka 1974, kisa kinaanza na nyaraka za siri za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam, na jasusi Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzifuatilia. Muuaji anatoka kusini, kwa makaburu, na ana mawakala kila mji.

Vijana waliozaliwa baada ya 1994 huniambia kwamba Musiba alitia chumvi. Basi niwakumbushe. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake katika jiji hili tangu mwaka 1963. Asubuhi ya Februari 3, 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, alifungua kifurushi alichotumiwa kwa posta, hapahapa Dar es Salaam, katika nyumba moja ya Oysterbay. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Miaka mitano baadaye msomaji wa Ilala akifungua riwaya ya Musiba hakuwa akisoma njozi. Alikuwa akisoma kitabu chenye bomu ndani yake kwa mara ya pili, na safari hii stelingi hakufa. Mnaweza kuicheka mivinyo na viti vya ndege za daraja la kwanza anavyovipenda Willy Gamba. Mimi huvicheka. Ila ile hofu iliyo chini yake ilikuwa na anwani ya kweli.

Ben Mtobwa alipokuja na Joram Kiango, mambo yalikuwa yameanza kugeuka. Willy Gamba ni mtu wa serikali, ana bosi na ana tiketi iliyolipiwa. Joram hana mwajiri, na polisi wanamtazama kwa jicho la wasiwasi hata anapowasaidia. Hiyo ni miaka ya foleni za sukari na sabuni, na ya msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Adui wa riwaya zetu anaanza kuvaa suti ya mtaani kwetu, kuongea Kiswahili safi na kukaa ofisi yenye kiyoyozi. Mtobwa, ambaye pia alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, hakuhitaji kumsoma Hammett ili aufikie mji ulioharibika wenyewe kwa wenyewe. Alihitaji tu kutembea mjini usiku. Ndiyo maana huwa nachoka nikisikia bado riwaya hizi zikiitwa uigaji. Kiko cha Bwana Msa kiliigwa, nakubali, na bastola ziliigwa pia. Muuaji hakuigwa. Kila mwandishi alimkuta kwao.

Leo biashara ile ya Munsey imehamia kwenye simu. Mnazijua hadithi zinazotoka kwa sehemu Facebook na katika makundi ya WhatsApp, ambazo hukatika mlango unapogongwa, halafu mwandishi anaweka namba ya M-Pesa kwa anayetaka kujua nani aliyegonga. Wapo wanaosema huu ni mwisho wa fasihi. Mimi nimezisoma nyingi, kwa kuwa ni kazi yangu na kwa kuwa napenda, na lililonishangaza ni kwamba jini amerudi kwa nguvu, tena wala hakuna Bwana Msa wa kumvua nguo. Mtu anatajirika ghafla, jirani anafariki, na maelezo ni kafara, nyoka wa fedha, mganga wa mbali. Muuaji sasa anatoka kwenye utajiri usioelezeka. Ningependa kumpata mwandishi kijana mmoja atakayekaa na hadithi kama hiyo akaipeleka hadi kwenye hati ya kiwanja, leseni ya biashara na saini ya mtu, kama Abdulla alivyoupeleka mzimu hadi kwenye mirathi. Lakini siwezi kumlazimisha, na namba ya M-Pesa ni yake.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa inanitazama. Niliahidi kurudi kwenye kesi ya Magomeni. Miaka 11 baada ya usiku ule wa kibatari, niliikuta riwaya ileile, nzima na jalada lake, imetandikwa juu ya gunia kwenye vitabu vya mitumba pale Posta. Nikafungua kurasa za mwisho nikazisoma nimesimama, hadi muuzaji akaniambia, "Kaka, hapa si maktaba." Nikalipa. Mwenye nyumba hakuwa na kosa lolote. Muuaji alikuwa karani mpole aliyekuwa akiwaletea wapelelezi chai tangu sura ya pili. Nilikaa kwenye ngazi za jengo la jirani nikajiuliza kwa nini nilimhukumu mwenye nyumba kwa hakika namna ile, na haikunichukua muda kukumbuka kwamba mwaka ule tulikuwa tumetolewa vyombo nje mara mbili.

Jioni nilipita kwa shangazi na kitabu mkononi, nikamwambia kwamba hatimaye nimemjua muuaji. Alikuwa akichambua karanga kwenye ungo, wala hakuinua macho.

"Karani," akasema. "Mwanangu, unadhani nilifungia karanga kurasa ambazo sijazisoma? Mbona hukuniuliza?"